Mashine ya kubana chupa na maboksi: Andaa haya kabla ya kuomba bei

Anayetaka mashine ya kubana chupa za plastiki, maboksi au nailoni mara nyingi huanza na ujumbe mmoja wa WhatsApp: "Mashine bei gani?" Muuzaji anajibu kwa picha tatu na bei. Hapo ndipo hasara inapoanzia, kwa sababu hakuna aliyesema mashine itabana nini, kilo ngapi kwa siku, kwa umeme upi, na robota litauzwa kwa nani.

Kwa mwenye yadi ya kukusanyia taka pembezoni mwa Dar es Salaam, mashine hii inaweza kuwa ununuzi mkubwa kuliko wote aliowahi kufanya. Wengine hutumia akiba ya kikundi. Wengine huingia kwenye mkopo wa halmashauri wa asilimia 10, unaogawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mashine ikija siyo, mkopo unabaki palepale na marejesho yanadaiwa kila mwezi.

Haya ndiyo ya kuweka sawa kabla ya kuomba profoma.

Kwa nini kubana kunalipa

Kata ya Wazo, Kinondoni, wengi wanaijua kwa kiwanda cha saruji kilichoanza uzalishaji mwaka 1966. Leo maeneo kama Salasala na Madale yamejaa makazi, maduka, baa na shule, na chupa na maboksi hayakosekani. Shida ni kwamba viwanda vingi viko upande wa pili wa jiji, kwenye ukanda wa Barabara ya Nyerere, Chang'ombe na Mbagala. Kutoka Tegeta hadi Mbagala ni zaidi ya kilomita 30, tena kwa foleni.

Chupa tupu za maji zikiwa hazijabanwa, mita moja ya ujazo hubeba takriban kilo 20 hadi 40 tu. Kwa hiyo canter yenye bodi ya urefu wa mita 4.2, upana mita 2 na kimo mita 2 ikijazwa mpaka juu kwa chupa za kilo 30 kwa mita ya ujazo, inabeba kama kilo 500. Gari linaonekana limejaa, kumbe limebeba hewa.

Chupa hizohizo zikibanwa kwenye marobota ya kilo 100 (wengi huyaita belo), gari hilohilo linaweza kupakia marobota 30, yaani kilo 3,000. Safari sita zinakuwa moja. Faida ya mashine iko hapo kwenye nauli, na baada ya hapo kwenye bei, kwa sababu viwanda vingi hupendelea mzigo uliobanwa na kuchambuliwa.

Anza na mteja wa robota

Kabla ya kuongea na muuzaji wa mashine, mwenye yadi aende kwa anayenunua mzigo. Aulize mambo manne:

- Robota la ukubwa gani na uzito gani linapokelewa? Kiwanda chenye foklifti hakina tatizo na kilo 300, lakini kinachoshusha kwa mikono kinaweza kutaka kilo 80 hadi 100.
- Lifungwe kwa waya au mikanda ya plastiki?
- Chupa zitenganishwe kwa rangi? Vifuniko na lebo vitolewe?
- Unyevu na uchafu vinakatwaje kwenye uzito?

Jibu la swali la kwanza peke yake linaweza kubadili mashine yote. Wapo wanaonunua mashine ya robota la kilo 250, halafu wanagundua kwamba hakuna mtu wala kifaa cha kuliinua pale yadi. Robota linakaa mlangoni siku tatu likisubiri vijana wanane.

Anayelenga kuuza nje ya nchi ajue pia kwamba tangu Januari 1, 2021, Mkataba wa Basel umebana biashara ya taka za plastiki kati ya nchi na nchi. Plastiki iliyochanganywa au chafu inahitaji ridhaa ya nchi inayopokea kabla haijasafirishwa. Iliyochambuliwa vizuri, safi na ya kwenda kurejelezwa ina njia nyepesi zaidi. Mashine haisafishi mzigo. Ukibana uchafu, utatoa robota la uchafu.

Pima kwa wiki mbili, usikadirie

Wauzaji makini huuliza: "Unapata tani ngapi kwa siku?" Wengi hujibu kwa makadirio, na makadirio karibu kila mara yanazidi ukweli, kwa sababu macho yanaona ujazo, hayaoni uzito.

Njia ya uhakika ni daftari na mizani. Kila mzigo unaoingia upimwe kwa siku 12 za kazi, kila aina na safu yake: chupa za maji, madumu, nailoni, maboksi, makopo ya alumini. Mizani inayotumika kununua na kuuza inatakiwa iwe imehakikiwa na Wakala wa Vipimo (WMA), kwa hiyo hapo pia ni pa kuanzia.

Tuseme yadi moja imepata matokeo haya kwa siku 12:

- Maboksi: kilo 4,800, sawa na kilo 400 kwa siku
- Chupa za maji na soda: kilo 3,600, sawa na kilo 300 kwa siku
- Nailoni: kilo 600, sawa na kilo 50 kwa siku

Jumla ni kilo 750 kwa siku. Ikiwa robota la chupa ni kilo 100 na la maboksi ni kilo 150, hayo ni marobota kama sita kwa siku. Hata kila moja likichukua nusu saa kwa kujaza kwa mikono, kubana na kufunga, kazi inaisha kwa saa tatu. Yadi hii haihitaji mashine kubwa yenye mkanda wa kupandisha mzigo, hata muuzaji aipambe vipi.

Kukua kwa biashara kuhesabiwe pia, ila kwa kiasi. Kuongeza nusu ya mzigo wa sasa kunatosha kwa hesabu ya kwanza. Na kipimo kifanyike ukijua msimu: masika ikinyesha, maboksi hulowa na uzito wake hudanganya.

Aina za mashine kwa ufupi

*Ya wima.* Mzigo unaingizwa kwa mbele, bamba linashuka kutoka juu na kubana. Inakaa sehemu ndogo, inaendeshwa na mtu mmoja au wawili, na robota hufungwa kwa mkono. Hii ndiyo inayofaa yadi nyingi ndogo na za kati.

*Ya mlalo.* Bamba linasukuma kwa ubavu, na mzigo unaweza kuingizwa mfululizo kwa mkanda. Zipo za kufunga kwa mkono na zinazojifunga zenyewe. Inafaa penye tani nyingi kila siku, umeme wa uhakika na eneo pana.

*Ya vyuma chakavu.* Hii ni jamii nyingine kabisa, yenye nguvu kubwa na chuma kinene zaidi. Mashine ya maboksi isilazimishwe kubana vyuma. Itapinda.

Chupa za plastiki zina tabia ya kurudi: ukiachia bamba, zinavimba tena. Mwenye chupa nyingi aulize kama ndani ya mashine kuna meno ya kuzuia mzigo usirudi. Aulize pia kuhusu vifuniko. Chupa iliyofungwa inabaki na hewa ndani na kukataa kubanwa, hivyo lazima ifunguliwe au itobolewe kwanza.

"Tani 30" siyo jibu kamili

Karibu kila tangazo hutaja nguvu ya mashine kwa tani: 10, 20, 30, 60. Wengi wanadhani hizo ni tani za mzigo kwa siku. Hapana. Ni nguvu ya silinda inayosukuma bamba.

Hata hivyo, tani peke yake hazitoshi kulinganisha. Nguvu ileile ikisambaa kwenye bamba pana, kila sehemu ya mzigo inapata msukumo mdogo. Mfano: tani 30 kwenye bamba la mita 1.1 kwa 0.7 ni kama tani 39 kwa mita ya mraba. Tani 30 hizohizo kwenye bamba la mita 0.8 kwa 0.6 ni zaidi ya tani 62. Mashine mbili zenye namba moja kwenye tangazo zinaweza kutoa marobota tofauti kabisa.

Kwa hiyo ombi la bei liulize: ukubwa wa bamba, ukubwa wa robota, na uzito wa robota *kwa mzigo wa mnunuzi*. Uzito unaotajwa na wauzaji mara nyingi ni wa maboksi, ambayo hubanika vizuri kuliko chupa.

Umeme: pasipo jibu hili, subiri

Mashine nyingi za aina hii hutaka umeme wa njia tatu. Nyumba nyingi zilizogeuzwa kuwa yadi zina njia moja tu. Gharama ya kubadilisha, na muda wa kusubiri, viulizwe TANESCO kabla ya kuagiza chochote. Mashine iliyofika kabla ya umeme ni chuma tu cha kukalia.

Ombi la bei litaje wazi: volti 400, njia tatu, 50 Hz. Mashine mpya za China huandikwa volti 380, 50 Hz, na kwa kawaida hufanya kazi hapa, lakini muuzaji athibitishe kwa maandishi. Tahadhari kubwa ni kwa mashine ya mtumba kutoka Marekani, ambako umeme ni 60 Hz. Mota yake ikiwekwa kwenye 50 Hz huzunguka taratibu zaidi, na volti zake huenda zisilingane kabisa.

Hesabu ya matumizi ni rahisi. Mota ya kilowati 7.5 ikifanya kazi saa tatu kwa siku inakula uniti 22.5 kwa kiwango cha juu. Kwa siku 26 ni uniti 585. Zidisha kwa bei ya uniti moja inayolipwa pale yadi, na gharama ya mwezi inajulikana kabla ya kununua.

Anayepanga kutumia jenereta amwambie muuzaji mapema. Mota inapowashwa huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya ule wa kawaida, na jenereta ya saizi ya mota haitaiwasha.

Eneo la kuiweka

Pima kwa futi kamba, siyo kwa macho:

- Kimo cha paa. Mashine ya wima inaweza kufika mita 3 silinda ikiwa juu.
- Upana wa geti na wa njia ya kuingilia, pamoja na nyaya za umeme zilizoning'inia mtaani.
- Sakafu. Mashine ya tani moja au mbili inataka zege imara lililosawazishwa, siyo udongo uliopigwa jamvi jembamba. Maeneo ya Wazo yenye mteremko yanahitaji kuangaliwa zaidi.
- Nafasi ya kuchambulia mbele ya mashine na ya kupanga marobota nyuma.
- Namna ya kushusha. Kontena likifika Madale na hakuna winchi wala foklifti, gharama inaanza kupanda saa hiyohiyo.

Picha tano za eneo na mchoro wa mkono wenye vipimo vinatosha kumpa muuzaji.

Mikono ya watu

Mashine inayobana chupa kwa tani 30 haichagui. Mkono ukiingia, umekwenda. Kwa hiyo usalama uwe sehemu ya ombi la bei, siyo nyongeza. Mashine iwe na:

- mlango ambao ukiwa wazi bamba haliwezi kushuka
- kitufe chekundu cha kuzima kwa dharura, mahali mwendeshaji anapofikia
- alama na maelekezo kwa Kiswahili au lugha ambayo mwendeshaji anaielewa
- namna ya kuifungia swichi kubwa wakati fundi yuko ndani

Muuzaji akisema vifaa hivi "vinaweza kuondolewa ili bei ishuke", atafutwe mwingine. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka sehemu ya kazi isajiliwe, na OSHA ndio wanaosimamia.

Bei ipi hasa?

Profoma mbili hazilinganishwi kama moja ni ya mashine kiwandani Asia na nyingine ni ya mashine iliyofungwa Wazo. Mnunuzi aeleze anataka ipi:

- *FOB*: bei inaishia mzigo ukipakiwa melini kule unakotoka.
- *CFR*: na nauli ya meli hadi bandari ya Dar es Salaam.
- *CIF*: na bima ya safari pia. Aulize kwanza kuhusu bima, kwa kuwa TIRA hutaka bima ya mizigo inayoingia nchini ikatwe kwa kampuni za ndani.
- *Iliyofungwa na kuwashwa*: muuzaji analeta, anafunga, anafundisha.

Kwa tatu za mwanzo, bado kuna ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 18, tozo za bandari, wakala wa forodha na lori. Viwango vya ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki ni asilimia 0, 10, 25 na 35, na mashine inaingia wapi inategemea msimbo wake wa forodha. Mwombe muuzaji msimbo huo, kisha wakala wa forodha aukokotoe kabla ya kulipa. Suala la ukaguzi wa ubora liulizwe TBS mapema.

Kwa muuzaji aliyeko nchini, bei iwe kwa shilingi. Kanuni za mwaka 2025 za matumizi ya fedha za kigeni zinakataza kutaja au kudai bei ya bidhaa na huduma za ndani kwa dola. Na malipo yatoke na risiti ya EFD.

Anayewaza mashine ya kutengenezwa hapahapa anaweza kuuliza SIDO au karakana za vyuma. Faida ni fundi kuwa karibu. Lakini masharti yawe yaleyale: vipimo kwa maandishi, usalama uleule, na jaribio kwa mzigo wa mnunuzi.

Vibali visije nyuma

Leseni ya biashara iko halmashauri. Masuala ya mazingira yako NEMC, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Vyuma chakavu vina masharti yake ya ziada. Kuuliza mapema ni nafuu kuliko kufungiwa mashine ikiwa imeshafungwa.

Mfano wa ombi la bei

Ujumbe ufuatao unatosha. Utumwe huohuo, bila kubadilisha, kwa wauzaji wasiopungua watatu:

> Habari za kazi. Tunaomba profoma ya mashine mpya ya wima ya kubana taka.
>
> Mzigo kwa siku: maboksi kilo 400, chupa za PET kilo 300, nailoni kilo 50. Saa za kazi: 8.
>
> Robota linalotakiwa: chupa kilo 80–100, maboksi kilo 120–150, kufungwa kwa waya.
>
> Umeme: volti 400, njia tatu, 50 Hz. Kimo cha paa: mita 3.6. Upana wa geti: mita 3.
>
> Tafadhali onyesha: nguvu ya silinda, ukubwa wa bamba, kilowati za mota, muda wa mzunguko mmoja, uzito wa mashine, vifaa vya usalama, waranti, bei ya spea za mwaka mmoja (sili, mipira ya oili, waya), muda wa kuleta, msimbo wa forodha, na tarehe ya mwisho ya bei hii.
>
> Bei: CFR Dar es Salaam, na bei ya kufunga na kufundisha iwe pembeni. Tunaomba video ya mashine ikibana chupa za PET.

Kabla ya kulipa advansi

Wauzaji wengi wa nje hutaka asilimia 30 mwanzo na asilimia 70 kabla ya kusafirisha. Hiyo maana yake pesa yote imetoka kabla mashine haijaonekana. Mambo matatu hupunguza hatari.

Kwanza, jina la akaunti lifanane na jina la kampuni kwenye profoma. Akaunti ya mtu binafsi, au namba ya benki iliyobadilishwa ghafla kwa barua pepe, ni sababu ya kusimama na kupiga simu.

Pili, ile asilimia 70 itoke baada ya video ya majaribio yenye namba ya mashine husika, robota likipimwa kwenye mizani mbele ya kamera.

Tatu, atafutwe mtu mwenye mashine ya muuzaji huyo hapa nchini. Aulizwe swali moja: sili ya silinda ilipoisha, ilichukua siku ngapi kupata nyingine? Kama jibu ni wiki sita, bei ya chini ya mashine hiyo siyo ya chini tena. Kwa yadi yenye kilo 750 kwa siku, wiki sita za kazi ni tani 27 zinazosubiri nje kwenye mvua.